Lipia Kiungo Kabla ya Kipande

Anayejenga nyumba ya etaje Butembo huanza na hesabu ya vipande. Anauliza putreli moja, ule mhimili mwembamba wa zege, ni dola ngapi, hurdi ngapi, yale matofali ya kujaza kati ya putreli, zitafunika chumba cha mita nne, buse ngapi, yaani mabomba ya zege, zitatosha kuvusha maji ya mvua chini ya njia ya kuingilia gari. Ni hesabu ya lazima, na wauzaji wanaijua kwa kichwa. Lakini ukitembea mjini na kutazama dali, yaani sakafu za zege za ghorofa, zilizopasuka, vifuniko vya mifereji vinavyogonga gari likipita, na buse zilizoachana hadi udongo wa barabara ukamezwa, utaona kipande chenyewe mara nyingi ni kizima. Kilichoshindwa ni mahali kinapokutana na mwenzake, na mahali hapo hakuna aliyelipwa kupashughulikia.

Makala haya ni ya mwenye parseli, fundi mwashi na msimamizi wa shantie anayetumia zege lililomwagwa kwenye kalibu, likakauka, kisha likabebwa kupelekwa mahali pake. Si ya mhandisi mwenye kompyuta, ingawa yeye naye atakuta humu mambo anayoyapita haraka. Swali letu ni moja: uzito ulioko juu ya kipande hiki utavukaje kwenda kwenye kile?

Chukua mbao mbili za kofraji, zilaze moja juu ya nyingine, ncha zake zikae juu ya mawe mawili, kisha ukanyage katikati. Zitapinda. Ukiangalia ncha utaona ubao wa juu na wa chini hazilingani tena, zimetelezeana. Sasa zigundishe kabisa zisiteleze hata kidogo, ukanyage tena. Mbao ni zile zile, hukuongeza hata kipande, lakini ugumu wake wa kukataa kupinda umekuwa mara 4 ya mwanzo, na uzito wa kuzivunja umekuwa mara 2. Faida yote hiyo imetoka katika kuzuia mtelezo. Nguvu inayotaka kuzitelezesha ndiyo tunayoiita hapa nguvu ya mkato, na katika dali yenye mzigo uliosambaa ni ndogo katikati ya chumba, kisha inakua kadiri unavyokaribia ukuta. Kumbuka hilo la ukuta, maana fundi mwenye haraka huwa makini katikati ya chumba, pale macho ya mteja yanapotua, na hulipua kazi pembeni.

Nguvu hiyo huvuka kiungo kwa njia tatu, nazo hazifiki kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kushikana kwa zege jipya na la zamani. Ni nzuri ikiwapo, lakini hufa mapema: kiungo kikishateleza kwa sehemu ndogo ya milimita, mshikamano umekatika na haurudi. Ya pili ni ukwaru wa sura zenyewe. Sura mbili zenye vilima na mabonde haziwezi kutelezeana bila moja kuupanda mgongo wa nyingine, na zikipandana ufa hutanuka. Hapo ndipo nondo zinazovuka ufa zinapoamka, na hiyo ndiyo njia ya tatu. Ufa ukitanuka huzivuta, nazo huurudisha nyuma, na kwa kuurudisha huzibana sura mbili zikazidi kukwaruzana.

Wengi hudhani nondo ya kiungo imewekwa ili izuie mkato kwa unene wake, kama msumari uliopita kwenye mbao mbili. Inafanya hivyo kidogo. Kazi yake kubwa ni kubana. Ndiyo maana urefu wake uliozama kila upande una maana kuliko watu wanavyodhani. Nondo ya milimita 10 yenye mikunjo, ikiwa imenyooka, inahitaji sentimita 40 hivi ndani ya zege la kawaida kabla haijaweza kuvuta kwa nguvu zake zote, la sivyo ipigwe ndoano. Kipande cha sentimita 10 kilichochomekwa kwenye tundu, kikazungushiwa udongo wa saruji, kitachomoka kabla hakijabana chochote. Nimeona viungo vyenye nondo nyingi za namna hiyo, zimepangwa kwa unadhifu wa kupendeza. Hazina kazi.

Tuweke tarakimu. Nondo ya milimita 10 ya chuma cha daraja la 400 huvuta takriban tani 3.2 kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Kanuni za zege za Marekani zinasema sura ya zege la zamani iliyokwaruzwa makusudi hadi kina cha milimita 6 hivi inaruhusu kuhesabu nguvu yote hiyo ya kubana kuwa nguvu ya kuzuia mtelezo. Sura safi lakini isiyokwaruzwa inahesabiwa kwa 0.6 tu, yaani tani 1.9 hivi. Tarakimu zote mbili ni kabla ya kupunguza kwa ajili ya usalama. Maana yake ni kwamba nondo 3 kwenye sura iliyoparuzwa zinafanya kazi ya nondo 5 kwenye sura laini. Kibarua mmoja mwenye tindo na nyundo, kwa asubuhi moja, anakuokolea nondo 2 katika kila 5. Usijidanganye, hata hivyo, kwamba ukizidisha nondo utapata nguvu bila kikomo: zege lenyewe hufika mahali likasagika kwenye kiungo, na chuma cha ziada hakilisaidii.

Hapo hapo niseme neno kuhusu chuma kinachouzwa sokoni. Nondo inayoitwa ya 10 ikiwa kweli ni ya 9, umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya chuma ulicholipia. Usibishane na muuzaji, omba mizani. Nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 7.4. Ya 8 ni kilo 4.7, na ya 12 ni kilo 10.7. Ile ya 9 iliyojipa jina la 10 itakuonyesha kilo 6. Pima pia urefu, kwa kuwa mita 12 nazo hupungua zikiwa njiani.

Turudi kwenye sura, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Karakana nyingi za putreli humaliza kipande kwa kupitisha mwiko juu hadi kinang'aa. Mteja anapenda, anasema ni kazi safi. Kwa upande wa chini, utakaoonekana darini, sawa. Upande wa juu, utakaobeba zege la pili, ule mng'ao ni hasara. Mwambie mwenye karakana mapema: sehemu ya juu isisawazishwe, na zege likianza kushika, kabla halijawa gumu, lichanwe kwa reki ya misumari kwenda upana wa putreli, si kufuata urefu wake. Mistari inayofuata urefu ni njia ya kutelezea. Kwa baridi ya Butembo, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, zege huchukua muda mrefu zaidi kushika kuliko kule Beni, kwa hiyo saa ya kuchana haifanani katika miji hii miwili. Jaribu kwa kidole: kikiacha alama bila kuzama, ni wakati.

Zege lililokwisha kukauka nalo lina ngozi. Wakati wa kulishindilia, maji na vumbi laini la saruji hupanda juu na kukauka kama utando mweupe. Utando huo ni dhaifu, na zege jipya likishikana nao limeshikana na vumbi. Uondoe kwa tindo, kisha brashi ya waya, kisha maji. Utajua umefika pale chembe za mawe zinapoonekana.

Ukitaka kujua kama ukwaru unatosha bila kubishana na fundi, kuna kipimo ambacho wahandisi wa barabara wanakitumia kwenye lami na ambacho hakihitaji mashine. Chukua mchanga mkavu, laini, uliochekechwa. Pima mililita 100, yaani moja ya tano ya chupa ya maji ya nusu lita. Umwage mahali pamoja juu ya sura, uusambaze kwa kibao kwa mwendo wa duara hadi ujaze mabonde na kubaki sawa na vilima. Pima upana wa duara. Ukizidi sentimita 29, wastani wa kina cha mabonde haufiki milimita 1.5, na sura hiyo bado ni laini. Ukiwa sentimita 20 au 21, kina ni milimita 3 hivi, nayo ni kazi nzuri sana. Fanya mahali kadhaa, hasa karibu na kuta. Ukimaliza kupima, uufagie mchanga wote, maana nao ukibaki ni vumbi.

Adui mwingine ni mafuta. Karakana zetu hupaka kalibu mafuta machafu ya injini ili kipande kitoke bila kung'ang'ania. Kwenye pande zitakazobaki wazi hayana neno kubwa zaidi ya madoa. Kwenye sura ya kiungo yanazuia saruji kushika, na maji peke yake hayayatoi. Ukipokea vipande, pitisha kidole kwenye meno na kingo zake. Kikitoka cheusi na kuteleza, kirudishe kipande, au kichongwe hadi kwenye zege safi. Matope ya kiatu ni vivyo hivyo. Udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha hupanda ngazi pamoja na vibarua na kukauka juu ya putreli zilizokwisha kupangwa, na fundi humwaga zege juu yake kwa kuwa gari la mchanga limeshafika.

Na ule uji wa saruji ambao mafundi humwaga kwenye kiungo "ili kishike"? Ukiwa mbichi zege linapofika juu yake, haudhuru. Ukimwagwa, watu wakaenda kula, wakarudi umeshakauka, umegeuka ngozi mpya ya kutenganisha. Mimi huwa nasema uachwe kabisa. Sura iliyoparuzwa, ikasafishwa, ikanyweshwa maji tangu jana yake, kisha ikaachwa hadi maji ya juu yakauke lakini zege likiwa bado limeshiba, haihitaji uji. Zege kavu litanyonya maji ya zege jipya na kuliacha na njaa pale pale kwenye mpaka. Lenye madimbwi nalo litalidhoofisha. Unataka rangi ya giza bila kung'aa.

Dali ya putreli na hurdi ndiyo kiungo kikubwa zaidi ambacho wengi wetu tutakimiliki maishani, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Putreli peke yake ni nyembamba, haiwezi chumba. Inakuwa na nguvu pale tu inapoungana na zege la juu na kuwa mhimili mmoja mnene. Hiyo ndiyo kazi ya zile etriye, vyuma vilivyokunjwa vinavyochungulia juu ya putreli. Zikiwa zimelala, zimekatwa kwa sababu zilisumbua usafiri, au ni fupi kiasi kwamba hazifiki ndani ya zege la juu, umenunua ubao wa kwanza na ubao wa pili, basi. Hesabu etriye za mita ya mwisho kila upande wa putreli, kwa sababu huko ndiko mkato ulipo mkubwa. Katikati zikiwa mbali kidogo si ajabu. Miishoni zikiwa mbali, usipokee.

Zege la juu lisipungue sentimita 5 na lilazwe wavu wa nondo ndani yake, ulioinuliwa kwa vigae vya saruji. Wavu uliolala juu ya hurdi haushiki chochote chini yake. Lowesha hurdi, maana nazo hunywa maji. Nondo za putreli zitokeze na kuingia ndani ya shenaji, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, na shenaji imwagwe siku moja na dali, pamoja. Wapo wanaomwaga shenaji kwanza, wakaisawazisha, wakaja kulaza putreli juu yake wiki mbili baadaye kwa udongo wa saruji. Hapo wametengeneza kiungo laini mahali penye mkato mkubwa kuliko pote katika nyumba.

Miti ya mikaratusi inayoegemeza putreli isiondolewe mapema kwa sababu tu mwenye nyumba jirani anaihitaji. Wiki tatu ni kiasi cha chini ninachokikubali, nne ni bora, na kwa Butembo ningependa nne. Mshikamano wa zege changa ukikatika siku ya kumi, hautajirudisha siku ya ishirini na nane. Dali itasimama, kwa kuwa nondo zinabana, lakini itakuwa imekula akiba yake kabla hujaleta hata kitanda.

Kuna kiungo kingine ambacho hakuna aliyekipanga. Hapa kwetu kazi hukatika: mvua, saruji iliyokwama mpakani Kasindi, siku ya mji mfu watu wanapogoma na kufunga kila kitu, milio ya risasi upande wa Beni na vibarua wanakwenda kwao. Zege lililoachwa nusu leo na kuendelezwa keshokutwa lina kiungo hata kama ramani haina. Kwa hiyo kila asubuhi ya kumwaga, amua mahali pa kukomea endapo siku itaharibika, na weka mbao za kuzuia tayari. Kwenye dali na mihimili, komea katika theluthi ya katikati ya upana wa chumba, ambako mkato ni mdogo. Usikomee ukutani, ingawa panaonekana ni mahali pa kawaida. Simamisha ubao wima, nondo zikipita ndani yake, ili mwisho wa zege uwe wima. Likiachwa limemwagika kwa mteremko, lile la siku ya pili litakuwa kabari inayopanda juu ya la kwanza kila uzito ukija. Ubao ukitolewa kesho yake, zege bado ni changa na laini kuparuza, ndiyo saa ya kazi ya tindo.

Kwa mifereji na barabara, ushauri wangu hubadilika, na hapa sikubaliani na baadhi ya wenzangu. Vifuniko vya mfereji mbele ya duka vinafunguliwa kila salongo, siku ya usafi wa pamoja, ili taka zitolewe. Hivyo usiviunganishe. Kiungo cha saruji kati ya vifuniko viwili kitapasuka mara ya kwanza mtu anapoingiza mtaimbo. Fanya kila kifuniko kiwe na uwezo wa kubeba gurudumu peke yake, kikalie kitanda cha udongo wa saruji kilichosawazishwa, ili kisicheze. Kugonga kunakosikika gari linapopita ni sauti ya kifuniko kisichokaa, na kinachocheza kitavunjika.

Buse nazo si mahali pa kutegemea kiungo kubeba mkato mkubwa. Kiungo chake cha dume na jike kinaziweka katika mstari na kuzuia maji yasitoke na udongo usiingie. Buse moja ikizama na jirani yake ikabaki, hakuna udongo wa saruji utakaozishika. Pesa ziende chini: chimba hadi ardhi ngumu, laza mchanga wa mawe au zege jembamba, shindilia pande zote mbili kwa tabaka, si kwa kifusi kilichomwagwa mara moja. Kisha jenga ukuta wa kichwa pande zote mbili za kutokea. Kwenye vilima vya Butembo, buse iliyoachana ndiyo mwanzo wa korongo. Maji hupita nje ya buse, hunyonya udongo kidogo kidogo, barabara inabaki daraja jembamba juu ya shimo ambalo hakuna anayeliona.

Karavati za mraba zilizotengenezwa kwa vipande ni habari tofauti, hasa zikiwa karibu na uso wa barabara. Gurudumu linapotoka kwenye kipande kimoja kwenda kingine, ukingo wa dari ya kipande cha kwanza hubeba uzito wote peke yake kwa kitambo, kisha kuuachia ghafla. Kifusi kirefu juu kinausambaza uzito na kulimaliza tatizo. Kikiwa chembamba, na kanuni za Marekani kwa miaka mingi ziliweka mpaka kwenye futi 2, yaani sentimita 60 hivi, ilibidi iwepo njia ya kupitisha mkato kati ya vipande au kingo ziimarishwe zibebe zenyewe. Njia nafuu kwetu ni kumwaga bamba la zege lenye wavu wa nondo juu ya vipande vyote bila kukatiza, unene wa sentimita 12 hadi 15, sura ya chini ikiwa imeparuzwa kama ile ya putreli. Usilidharau jambo hili. Mradi wa barabara uliozinduliwa na marais Museveni na Tshisekedi tarehe 16 Juni 2021 una kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, na malori ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaruhusiwa kufika tani 56. Njia ya kuingilia ghala lako itakanyagwa na magari hayo hayo.

Wanaojenga madaraja kwa mihimili iliyopangwa ubavu kwa ubavu wamejifunza jambo ambalo linafaa hata kwenye kidaraja cha mita sita cha kijijini. Marekani ilijenga maelfu ya madaraja hayo, yakiwa na mfereji mdogo wa meno kati ya mhimili na mhimili, uliojazwa uji wa saruji sehemu ya juu tu. Mingi ilipasuka kwa urefu, mara nyingi kwa joto na kunywea kwa saruji kabla ya uzito wa magari, na maji yakaingia kula chuma. Pale jino liliposhushwa hadi katikati ya kina cha mhimili au kiungo kikajazwa kina chote, hali ilikuwa bora. Ukijaza kiungo cha namna hiyo, nafasi iwe angalau mara tatu ya jiwe kubwa kuliko yote kwenye mchanganyiko, tumia kokoto ndogo, maji machache, na ushindilie kwa fimbo ya chuma hadi chini. Kisha funga mihimili yote pamoja kwa nondo zinazovuka upana wa daraja. Jino bila kitu kinachovuta mihimili isiachane halibani.

Kufungana huko ndiko kunakookoa nyumba ardhi inapotikisika, nasi tunaishi kwenye bonde la ufa. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la upande wa Toro liliua zaidi ya watu 100 pande zote mbili za Ruwenzori, na Beni ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Wakati huo hapakuwa na etaje nyingi za kuanguka. Armenia, tarehe 7 Desemba 1988, walikuwa nazo. Mjini Leninakan majengo ya fremu za vipande, yenye sakafu ambazo hazikufungwa vizuri, yaliporomoka kwa wingi, huku majengo ya paneli kubwa yaliyoungwa kwa chuma na zege yakibaki wima katika mji ule ule. Na hata bila tetemeko: London, tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka katika jengo la Ronan Point, ukuta mmoja wa paneli ukasukumwa nje, na kona nzima ya ghorofa 22 ikafuatana nao hadi chini. Watu 4 walikufa. Jengo lilipobomolewa mwaka 1986 ilionekana viungo vingi havikuwa vimejazwa ipasavyo. Paneli zilikuwa zimekaa kwa uzito wake tu.

Kwa nyumba ya Butembo au Beni jambo hilo lina sura rahisi: shenaji isikatike popote, hata juu ya mlango, pembe zake ziwe na nondo zinazokunja kona na si zinazoishia pale, na kila putreli iwe na chuma chake ndani ya shenaji hiyo. Ukuta wa kati nao ufungwe na dali. Gharama ya ziada ni nondo chache na siku moja ya kazi.

Upande wa mkataba, usimlipe fundi kwa idadi ya putreli alizopanga. Atapanga haraka. Tenga kazi ya viungo iwe na bei yake: kuparuza, kusafisha, kunywesha maji, kufunga nondo. Andika kwamba zege halimwagwi kabla wewe au mtu wako hajatazama, na mlipe kibarua wa tindo kwa siku, si kwa mita. Piga picha za kila kiungo kabla hakijafunikwa, pamoja na futi ya kupimia ndani ya picha. Fundi mzuri hatachukia. Wengine wataleta picha wenyewe kwa mteja anayefuata.

Na kama dali ilikwisha kumwagwa, nawe sasa una wasiwasi? Tembea juu yake na nyundo ndogo, ukigonga kila hatua, hasa mita ya mwisho kabla ya kila ukuta. Zege lililoshikana hutoa sauti kavu, fupi. Lililoachana hutoa sauti ya utupu. Zungushia chaki kila mahali penye utupu. Madoa machache katikati ya chumba yanaweza kuachwa na kuangaliwa tena baada ya mvua. Ukanda wa utupu unaofuata ukuta ni jambo la kumwita mhandisi, na pengine la kuweka miti tena chini, kuvunja zege la juu katika ukanda huo, kuparuza putreli, kurudisha etriye zilizolala, na kumwaga upya. Hadi hilo lifanyike, usiweke tangi la maji juu ya dali hiyo. Lita 5,000 ni tani 5 zilizokaa mahali pamoja usiku na mchana. Liweke chini, kwenye ardhi, ukanunue pampu.